Mchezo wa sarafu unapoingia sebuleni

Na Mwandishi Wetu, Kansanga

Jioni moja nilimtuma mtoto wa kaka yangu dukani, hapa kwetu Kansanga, akalete kilo moja ya sukari na mche wa sabuni. Alikwenda mbio, akarudi taratibu. Sabuni alikuwa nayo, lakini sukari hakuwa nayo, wala chenji. Mtoto wa miaka kumi na miwili bado hajajua kusema uongo wa kuaminika. Nilimwuliza maswali mawili tu, akainamisha kichwa na kukiri kwamba fedha za sukari alikuwa amezimaliza katika kibanda cha michezo ya televisheni, kando ya Barabara ya Ggaba.

Wakazi wa mitaa yetu, tangu Kabalagala hadi Bunga, wanavijua vibanda hivyo. Ndani huwa na televisheni mbili au tatu, mabenchi ya mbao, na mashine za PlayStation zilizochakaa. Kila mpambano una bei yake. Anayeshinda hubaki kitini, na anayeshindwa humpisha mwenziwe au hutoa sarafu nyingine. Watazamaji husimama nyuma yao, wakishangilia na kucheka.

"Senga," aliniambia mtoto yule, maana ndivyo shangazi anavyoitwa hapa Buganda, "mkininunulia mashine ya nyumbani, sitakwenda tena kule."

Baba yake, aliyekuwa ameketi pembeni, alitikisa kichwa. "Za nyumbani si zile zile," alisema. "Utanunua jina la mchezo, mchezo wenyewe usiuone."

Nani kati yao alisema kweli? Swali hili lilinishughulisha kwa siku kadhaa, kwa kuwa ndani yake mna fedha za familia, muda wa mtoto, na uaminifu wake pia. Niliyoyapata nayaeleza hapa kwa faida ya wazazi wenzangu.

UBAO NA MASHIMO YA ARDHINI

Tuanze na jambo tulijualo. Ubao wa omweso una mashimo 32 na hutumia mbegu 64. Mzee mwenye uwezo huwa na ubao uliochongwa kwa mti mgumu, laini kwa kushikwashikwa miaka mingi. Watoto wasio na ubao huchimba mashimo yao ardhini, wakaokota mbegu au vijiwe, wakacheza. Je, huo si omweso? Bila shaka ni omweso, maadam mashimo ni 32, mbegu ni 64, na sheria za kupanda na kula hazikubadilishwa. Lakini mtoto akichimba mashimo 24 kwa kuwa amechoka kuchimba, atakuwa amebuni mchezo mwingine unaofanana tu na omweso.

Hicho ndicho kipimo nilichokishika. Toleo la nyumbani la mchezo wa mashine ya sarafu lisihukumiwe kwa uzuri wa picha peke yake. Tuulize ni mashimo mangapi yaliyoachwa bila kuchimbwa.

MASHINE ILIYOJAA SARAFU

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya nyumbani ilikuja muda mrefu baada ya ile ya sarafu. Mambo hayakuwa hivyo kabisa. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani iliuza mashine ya nyumbani iitwayo Odyssey, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Haikuwa na sauti wala rangi. Mchezaji alibandika karatasi za plastiki juu ya kioo cha televisheni ili apate picha ya uwanja.

Mwaka ule ule kampuni ya Atari ilitengeneza Pong, mchezo wa mpira wa meza wenye vipande viwili vya mwanga na nukta moja. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Yasimuliwa kwamba haikupita muda mrefu ikakwama, na fundi Allan Alcorn alipoifungua alikuta ubovu wake ni mmoja tu: kisanduku cha sarafu kilikuwa kimejaa. Mwaka 1975 Pong iliingia majumbani ikiwa katika mashine yake yenyewe, na kwa kuwa mchezo ule ulikuwa mwepesi, karibu kila kitu chake kilihamia sebuleni salama.

Ugumu ulianza michezo ilipokua. Mashine ya sarafu ni kabati zima lililojengwa kwa ajili ya mchezo mmoja. Kioo chake, vitufe vyake na sauti yake vyote huutumikia mchezo huo. Mashine ya nyumbani hutumikia michezo mingi, tena ni lazima iuzwe kwa bei ambayo familia inaimudu. Aliyepewa kazi ya kuuhamisha mchezo alikuwa kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa cha mita mbili akaambiwa ashone vazi la mita tano. Basi tazameni kila fundi alikata wapi.

MAADUI 55 WAKAWA 36

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitunga Space Invaders. Maadui 55 hushuka kutoka juu katika safu tano za 11, na mchezaji aliye chini huwapiga risasi huku akijificha nyuma ya ngome nne. Kadiri maadui wanavyopungua, ndivyo waliobaki wanavyozidi kwenda kasi. Jambo hili halikukusudiwa mwanzoni. Mashine ilielemewa na kazi ya kuchora maadui wengi, na kila mmoja alipouawa mzigo ukapungua. Nishikado aliona kwamba kasoro hiyo inatia hofu nzuri, akaiacha.

Toleo la nyumbani lilitoka mwaka 1980 kwa mashine ya Atari. Maadui walipunguzwa wakawa 36, safu sita za sita, na ngome zikawa tatu. Kwa hesabu peke yake lilikuwa pungufu. Hata hivyo mwendo ule wa kuongezeka hofu ulibakizwa, na juu yake zikaongezwa namna 112 za kuucheza mchezo, zikiwamo za watu wawili. Watu walinunua mashine nzima kwa ajili ya mchezo huo mmoja. Fundi huyu alikata mikono ya vazi, lakini mabega yalikaa vizuri.

VIZUKA VILIVYOMEMETA

Mfano wa kinyume ni Pac-Man. Mchezo wenyewe ulitungwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980. Kidude cha manjano chenye mdomo mkubwa hupita katika mzingile kikila nukta, huku kikifukuzwa na vizuka vinne. Siri yake ni kwamba vizuka hivyo havina tabia moja. Chekundu humfuata mchezaji nyuma moja kwa moja. Cha waridi hujaribu kumtangulia mbele na kumvizia. Mchezaji hodari huvisoma vizuka kama mchezaji wa omweso anavyomsoma mwenziwe.

Mwaka 1982 Atari ilitoa toleo la nyumbani, kazi ya mtunzi mmoja aitwaye Tod Frye. Mashine aliyopewa ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kaseti ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 4. Makala hii unayoisoma isingeenea humo. Mashine ile haikuwa imeundwa kuchora vizuka vinne kwa pamoja, kwa hiyo vilichorwa kwa zamu, vikawa vinamemeta kama taa yenye waya uliolegea. Mzingile ulibadilishwa umbo, sauti zikawa ngeni, na matunda yaliyopamba mchezo wa awali yakageuzwa kuwa kipande kimoja cha mraba.

Zaidi ya kaseti milioni saba ziliuzwa, lakini wanunuzi wengi walivunjika moyo, na wengine walizirudisha madukani. Mwaka uliofuata biashara ya michezo ya nyumbani katika Marekani ilianguka vibaya. Mchezo huu haukuwa sababu pekee ya anguko hilo, ila mara nyingi hutajwa miongoni mwa sababu zake. Watu walikuwa wamenunua jina, kama alivyosema kaka yangu.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mnamo 1984 Namco ilitoa Pac-Man kwa mashine ya Kijapani ya Family Computer, na safari hii vizuka vilionekana barabara na matunda yakarudi. Mzingile ulibanwa kidogo ili tarakimu za alama zikae upande wa kulia, kwa kuwa kioo cha televisheni kimelala na kile cha mashine ya sarafu kilikuwa kimesimama. Majina ni yale yale na mashine zote mbili ni za nyumbani, lakini tofauti yake ni kubwa mno. Kwa hiyo kuuliza kama "ya nyumbani" ni nzuri au mbaya ni swali pungufu. Ni lazima tuulize ni ya nyumbani ipi.

HATUA NNE, TATU, MBILI

Donkey Kong, uliotungwa na Shigeru Miyamoto wa Nintendo mwaka 1981, unaonyesha hesabu hiyo kwa uwazi. Katika mashine ya sarafu mchezo una hatua nne. Seremala hupanda ngazi akiruka mapipa yanayorushwa na sokwe, hupita katika kiwanda chenye mikanda inayobeba sinia za saruji, kisha lifti, na mwisho hubomoa nguzo zinazomshikilia sokwe.

Toleo la ColecoVision la mwaka 1982, lililosifiwa sana kwa picha zake, lilikuwa na hatua tatu, kiwanda hakimo. Toleo la Atari lilikuwa na hatua mbili. Hata Nintendo wenyewe walipouweka mchezo wao katika Family Computer mwezi Julai 1983, kiwanda kiliachwa. Mtoto aliyekulia na kaseti hiyo hakujua kwamba kuna shimo halikuchimbwa. Hapa ndipo mzazi anapodanganyika kwa urahisi: picha ni nzuri na sauti ni ile ile, lakini robo ya mchezo haimo.

NYUMBANI HUPITA BARABARANI

Baada ya kusema hayo, ni haki pia kusema kwamba yako matoleo ya nyumbani yaliyowashinda wazazi wao. Mashine ya sarafu ina tamaa yake. Mwenye mashine hapati kitu mchezaji akicheza saa nzima kwa sarafu moja, kwa hiyo michezo mingi hufanywa migumu ili mchezaji afe baada ya dakika chache na kutia mkono mfukoni tena. Ugumu huo ukihamishwa nyumbani hauna tena kazi ya kufanya, kwa kuwa kaseti imekwisha kulipiwa.

Hayo aliyatambua Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipokuwa akiuhamisha mchezo wa sarafu uitwao Gradius katika Family Computer, mwaka 1986. Ulimshinda kuucheza hadi mwisho ili aujaribu. Akajiwekea ufunguo wa siri: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha kitufe cha B na cha A. Ufunguo huo uliachwa ndani ya kaseti, nao ukaenea duniani. Katika toleo la nyumbani la Contra, mchezo wa sarafu wa mwaka 1987 uliotolewa kwa mashine hiyo mwaka uliofuata, ufunguo huo humpa mchezaji roho 30. Wengi huliona toleo hilo la nyumbani kuwa bora kuliko la kabati, maana ndugu wawili huweza kucheza bega kwa bega na kujifunza njia pole pole, bila mwenye mashine kuwahimiza.

Street Fighter II wa Capcom, uliotikisa dunia mwaka 1991, ulitaka vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke. Pedi ya Super Nintendo ilikuwa na vitufe sita vya kutosha, na toleo lake la mwaka 1992 likapokewa kwa shangwe. Pedi ya kwanza ya Sega Mega Drive ilikuwa na vitatu tu, na kampuni hiyo ikalazimika kutoa pedi nyingine yenye sita. Funzo lake ni kwamba mchezo ukitaka vidole sita, picha nzuri haziwezi kuwa badala ya kitufe kisichokuwapo.

Walikuwako pia waliokataa kukata kitambaa. Kampuni ya SNK ilitoa mwaka 1990 mashine ya nyumbani ya Neo Geo iliyokuwa na vyombo vile vile vya ndani kama mashine yake ya sarafu. Hakukuwa na shimo lililoachwa. Lakini katika Marekani iliuzwa kwa takriban dola 650, na kaseti moja ilipita dola 200. Ukamilifu ulikuwapo, ila familia za kuununua zilikuwa chache.

Mwishowe njia mbili zilikutana. Tekken wa Namco, mwaka 1994, uliwekwa katika mashine ya sarafu iliyojengwa kwa misingi ya PlayStation yenyewe, na toleo la nyumbani la 1995 likawa karibu sawa nao. Tekken 3 ulipofika nyumbani mwaka 1998, mandhari ya nyuma yalirahisishwa, lakini mchezo ukapewa wapiganaji na namna za kucheza ambazo kabati halikuwa nazo, hata mchezo wa kupigiana mpira. Hapo aliyebaki barabarani ndiye aliyekosa.

KWA NINI KWETU ULIKWENDA POLEPOLE

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na televisheni zetu za zamani, zikifuata mtindo wa PAL kama za Uingereza, zilionyesha picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani, michezo mingi ilikotungwa, televisheni zao zilionyesha 60. Watunzi wengi hawakujisumbua kuurekebisha mchezo kwa ajili ya masoko ya 50. Matokeo yake, uliendeshwa pungufu kwa moja ya sita. Jambo lililotakiwa kuchukua sekunde 60 lilichukua 72. Toleo la PAL la Street Fighter II lilikwenda taratibu namna hiyo, tena likiwa na ukanda mweusi juu na chini ya picha.

Kaka yangu, aliyekua katika miaka ya tisini, alicheka sana niliposoma hesabu hiyo. Alikuwa amedhani miaka yote kwamba mikono yake imezeeka, kumbe michezo ya siku hizi ndiyo iliyorudi kwenye mwendo wake. Televisheni nyingi za sasa hupokea 50 na 60, kwa hiyo tatizo hilo limepungua. Lakini diski za zamani zilizotengenezwa kwa masoko ya PAL bado zimo katika mzunguko, na anayenunua mashine iliyotumika yafaa ajue.

DAMU NA JASHO

Mzazi asisahau kwamba matoleo hutofautiana hata kwa maadili. Mortal Kombat, mchezo wa sarafu wa mwaka 1992, ulijaa damu na mauaji ya kutisha. Ulipoingia majumbani tarehe 13 Septemba 1993, Nintendo iliamuru damu iondolewe, ikawekwa mahali pake rangi ya jasho. Toleo la Sega lilionekana kuwa safi, lakini mtoto aliyejua ufunguo wa siri aliirudisha damu yote. Mwezi Desemba mwaka huo Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao juu ya jambo hilo, na mwaka 1994 likaanzishwa shirika la kupanga michezo kwa umri wa wachezaji. Ulaya nayo ilianza alama zake mwaka 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Alama hizo ziko juu ya kasha. Mtoto wa darasa la sita akikuletea kasha lenye 18, huhitaji kujua Kijapani wala Kiingereza ili umjibu.

YA NYUMBANI ILIYOTOKA BARABARANI

Nilipofika hapo nilirudi katika kibanda kile, safari hii nikiwa nimemshika mtoto mkono. Nikasimama nyuma na kutazama. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Mashine zile zote ni za nyumbani! Zilitengenezwa ziwekwe sebuleni, na kwetu zimetolewa nje zikarudishiwa kazi ya kabati la sarafu. Michezo iliyokwisha kuondolewa tamaa ya sarafu imetiwa tamaa hiyo upya, kwa kupunguza muda wa mpambano na kuhesabu kila raundi. Kwa hiyo hoja ya baba yake kwamba "za nyumbani si zile zile" haikuwa na nguvu hapa. Kijana wetu alikuwa akilipia kwa vipande vipande mashine ile ile ambayo ingeweza kukaa chini ya televisheni yetu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mpambano ni shilingi 500, na mtoto hucheza minne kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni shilingi 10,000 kwa wiki, na 40,000 kwa wiki nne. Kwa upande wa nyumbani, tuseme mashine na televisheni hutumia wati 100 kwa pamoja kwa saa mbili kila siku. Katika siku 30 mtakuwa mmetumia yuniti 6 za Yaka. Kila mzazi aweke bei ya mtaani kwake na ya umeme wa siku hiyo, kisha alinganishe mwenyewe.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mzazi anayekusudia kununua, ama mashine ndogo yenye michezo mingi ya kale, ama PlayStation iliyotumika, na ashike mambo haya:

Kwanza, iwashwe mbele yako. Usikubali maneno ya kasha. Mashine ndogo zinazotangaza mamia ya michezo aghalabu hurudia michezo michache kwa majina tofauti. Fungua kumi kwa kuruka ruka katika orodha, uhesabu iliyo tofauti kweli.

Pili, pima pedi kabla ya picha. Bonyeza kitufe na utazame kama kiumbe anaruka papo hapo au anachelewa. Bonyeza kila kitufe, tena pedi zote mbili. Mashine ya pedi moja itawaletea watoto wako ugomvi badala ya mchezo.

Tatu, mpe mtoto acheze hatua ya kwanza hadi ya pili. Baadhi ya nakala hukwama hapo.

Nne, soma kibandiko cha umeme. Mashine iliyoletwa kutoka Japani yaweza kuwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja katika volti 240 za kwetu, utaiona ikitoa moshi siku ya kwanza. Hali kadhalika tazama kama nyaya zake zinaingia katika televisheni uliyo nayo.

Tano, tazama alama ya umri, na ukae na mtoto mara ya kwanza anapocheza.

KILICHOKUWA KIMEBAKI

Tulinunua mashine ndogo, iliyo rahisi kuliko zote tulizozijaribu. Ndani yake mna Pac-Man wenye alama upande wa kulia, Donkey Kong isiyo na kiwanda, na Contra. Kaka yangu aliushika Contra kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Mwanawe alicheza siku mbili, na siku ya tatu nikamkuta amekaa tu, pedi ikiwa sakafuni.

"Imeharibika?" nilimwuliza.

"Haijaharibika, Senga. Ila hapa hakuna watu."

Nilinyamaza. Katika siku zote za kuhesabu hatua na vizuka, jambo hilo sikulihesabu. Kabati la sarafu lilikuwa na watu waliosimama nyuma, waliopanga zamu, waliojua nani bingwa wa mtaa. Hilo ndilo shimo ambalo hakuna fundi aliyeweza kulichimba ndani ya kaseti. Na ndilo lililompeleka mtoto wetu kibandani na fedha za sukari mkononi, kuliko picha zenyewe.

Tangu hapo tumeweka utaratibu. Jumamosi alasiri watoto wa majirani huja, nasi hutoa chai na mandazi. Sheria ya kibanda imeingia nyumbani: anayeshindwa humpisha mwenziwe. Wasichana, ambao kibandani hawakuwa wakipewa nafasi, sasa wamo katika zamu, na bingwa wa Contra kwa wiki tatu mfululizo amekuwa binti wa jirani wa nyumba ya pili. Saa kumi na mbili mashine huzimwa. Kibandani hatukumkataza kabisa. Huenda mara moja kwa wiki, kwa fedha yake mwenyewe aliyoipata kwa kufua na kuteka maji, na hutuaga kabla ya kwenda.

Sukari ile aliilipa kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mmoja. Baba yake alitaka kumsamehe. Mimi sikukubali, wala mtoto hakuomba. Juzi nilimtuma tena dukani, jioni, njia ile ile inayopita mbele ya kibanda. Alirudi na sukari, akaweka chenji mezani, akaihesabu mbele yangu bila kuulizwa, kisha akaenda kuwaita wenzake.